Nilivyomwonea wivu mwongozaji wa okestra ya watoto kwenye TV mpaka nikamnunia binti yangu, hapa Stockholm

Wakuu, natumaini mko salama popote mlipo.

Mimi humu ni msomaji zaidi kuliko mwandishi. Nimesoma nyuzi zenu za ndoa, za mashamba, za magari ya kuagiza. Nimecheka, nimejifunza, nikapita kimya kimya.

Leo naleta ya kwangu. Sijaongeza chumvi, na pale mtakapoona nilikuwa mjinga, jueni nilikuwa mjinga kweli.

Mwenye haraka apite tu. Mwenye chai mkononi akae.

Niko Stockholm mwaka wa kumi na mbili sasa. Naishi Farsta, kusini mwa jiji, na kazi yangu ni fundi wa lifti. Maghorofa ya huku ni mengi na lifti zake zimechoka, kwa hiyo kazi haiishi. Nina mke mmoja na mtoto mmoja, binti wa miaka tisa. Sisi ni watu wa Tukuyu, jina lake kamili ni Atuganile, nyumbani tunamwita Atu.

Ila sikuja hapa kuongelea lifti. Mwisho wa wiki mimi ni mwalimu wa kwaya.

Kwaya yetu ni mchanganyiko wa Waswahili wa hapa. Wakongo ndio wengi, Watanzania tupo, Warundi wawili, na Mkenya mmoja wa besi. Tunafanyia mazoezi kwenye ukumbi mdogo kule Fittja. Nyimbo naziandika mwenyewe kwa do-re-mi kwenye daftari la mistari, kama nilivyofundishwa nyumbani nikiwa kijana. Watoto wanakaa viti vya mbele, wanaimba viitikio na kula biskuti.

Sasa kuna jambo lazima mlielewe kabla sijaendelea, maana uzi wote umesimama hapo.

Mnajua kwetu mwalimu wa kwaya akiongoza mpaka jasho likamtoka, mtu anainuka kwenye kiti, anakwenda mbele na kitambaa, anamfuta uso. Wengine wanadhani ni mbwembwe. Mimi nawaambia hakuna heshima inayofika pale. Ni mtu kukwambia mbele ya wote kwamba ameona unavyohangaika.

Kwangu mimi mtu huyo alikuwa Atu, tangu ana miaka minne.

Ana mpaka ubeti wake. Tukifika ubeti wa tatu, Atu ananyanyuka na leso nyeupe ya mfukoni. Leso hiyo aliidarizi marehemu mama yangu, pembeni ina majani ya uzi wa kijani. Mimi nainama. Kwaya inashikilia noti ya mwisho, wameshazoea. Atu ananifuta paji la uso, mashavu, shingo, halafu anarudi kukaa na sisi tunaendelea.

Leso anaitunza yeye. Anaifua kwa mkono, anaipiga pasi, anaikunja mara nne. Hata mama yake haruhusiwi kuigusa.

Basi, msimu wa majani kupukutika mwaka jana, TV ya huku ikaanza kuonyesha matamasha ya watoto. Kila Jumamosi saa kumi jioni, moja kwa moja kutoka kwenye ukumbi wa muziki mjini. Okestra nzima jukwaani, watoto wamejaa chini, na mwongozaji mmoja anawafundisha kusikiliza.

Jina lake silitaji. Na msiniletee utani wa konda wa basi eti kwa sababu Kiingereza kinamwita conductor, nimeshausikia wote.

Ni mzee mrefu kama mlingoti, nywele nyeupe zimesimama, koti jeusi lenye mfuko kifuani, na mkononi fimbo nyembamba ya kuongozea. Hana haraka. Anasimamisha okestra yote, anamwita mpiga filimbi mmoja, anawaambia watoto wafumbe macho wamsikie huyo peke yake. Halafu anamwongezea fidla. Halafu tarumbeta. Anauliza, mmesikia nani kaingia?

Siku moja aliwaambia wale wa mafidla makubwa ya besi wanyamaze katikati ya muziki, wengine wote waendelee. Kisha akawauliza watoto ni kitu gani kimepotea. Mtoto mmoja akajibu kwamba sakafu imepotea.

Wakuu, mimi nimefundisha kwaya miaka mingi. Sijawahi kupata jibu la namna ile kwa mtoto yeyote. Na sijawahi kupata jibu hilo kwa sababu sijawahi kuuliza swali hilo. Roho iliniuma pale pale kwenye kochi.

Atu alikuwa amekaa chini kwenye zulia, mdomo wazi. Aligeuka akaniuliza, "Baba, kwa nini wewe huna fimbo?"

Nikamjibu mikono inatosha.

Jumamosi iliyofuata nilichukua sindano ya kufumia kwenye kikapu cha mke wangu, nikaenda nayo kwenye mazoezi. Nilishajaribu mbele ya kioo cha bafuni na niliona inanikaa vizuri. Kufika ubeti wa pili nusura nimtoboe jicho yule Mkenya wetu wa besi.

Kwenye sauti ya pili tunaye mama mmoja wa Bukavu, Mama Bahati, ambaye hana breki. Aliniangalia, akaiangalia sindano.

"Mwalimu," akasema, "uko unatuongoza ao unatufumia sweta?"

Ukumbi ulicheka dakika nzima. Sindano niliirudisha kikapuni na sikuigusa tena.

Huo ulikuwa mwanzo tu. Mazoezi yetu yalikuwa yanaanza saa kumi, saa ile ile ya tamasha. Watoto wakaanza kuchelewa. Kisha wazazi wao nao wakaanza kuchelewa. Mwishowe Mama Bahati akaja na ombi kwa niaba ya wote, mazoezi yasogezwe mpaka saa kumi na moja, kila mtu amalize kuangalia kwanza.

Nilikubali kwa sauti ya mtu mwenye busara. Moyoni nilikuwa nawaka. Kwaya yangu, na sasa ratiba yake inapangwa na mzee asiyejua hata kama Fittja kuna Waswahili.

Na nyumbani ndiyo usiseme. Atu anajibu kwa Kiswidi siku hizi, kama watoto wengi wa huku, sisi tunaongea Kiswahili yeye anarudisha Kiswidi. Mezani ikawa ni yule bwana tu. Hamtaji jina. Anasema "han", yaani yeye, na wote tunajua ni nani. Yeye anasema tarumbeta lazima lisubiri. Yeye anasema kimya nacho ni muziki. Yeye anasema ukiimba kwa nguvu muda wote hakuna anayekusikia.

Mimi nilikuwa "yeye" wa nyumba ile miaka tisa. Nikawa mtu wa kupitisha chumvi.

Sasa niwape siri ambayo hata mke wangu ataijua akisoma hapa. Nilikuwa namwangalia yule bwana kwa kujificha. Nimekaa kwenye chumba cha mashine juu ya ghorofa moja kule Hjulsta, mwisho kabisa wa laini ya bluu ya treni, saa ya chakula, nina mkate mkono mmoja na simu mkono mwingine, narudia vipindi vyote. Nilikuwa namtafutia kosa. Nilitaka nimwone anachelewa, anapotea, anamkaripia mtoto.

Sikupata. Badala yake nikaanza kujifunza. Nilijikuta nimesimama kati ya nyaya za lifti napiga mapigo manne manne kwa mkate.

Na nikamwibia. Kuna namna anaishusha okestra mpaka inakuwa kama mtu anayevuta pumzi usingizini, halafu anaipandisha taratibu. Nikaipeleka kwa kwaya yangu kama wazo langu. Ikatoka vizuri mno. Mama Bahati alisema tangu aondoke Bukavu hajasikia wimbo umelala vile kisha ukaamka.

Nikiwa bado navimba kichwa, Atu akaja akaninong'oneza kwamba ile ni ya yule bwana.

Nikamwambia hapana, ni ya zamani sana, tulikuwa tunafanya hivyo Tukuyu. Aliniangalia tu. Mtoto wa miaka tisa anajua ukidanganya, ila anakuachia.

Sasa twende kwenye kosa lenyewe.

Darasa la Atu likapata mwaliko wa kwenda kukaa pale ukumbini, siku ya tamasha, kwenye TV moja kwa moja. Kila mtoto na mzazi mmoja. Alirudi na karatasi, hakuvua hata koti. Mama yake alikuwa jikoni, karibu naye zaidi kuliko mimi. Akampita, akaja kuiweka karatasi mbele ya sahani yangu.

"Ska du med, pappa?" Yaani, utakuja na mimi, baba?

Nilikuwa naweza kwenda. Mazoezi ni saa kumi na moja na Mama Bahati angewashikilia watoto. Lakini nilijiona nimekaa kule juu kwenye viti, napiga makofi, binti yangu anamtazama yule bwana kwa yale macho yake, na mimi niko pale kama mpambe. Nikasema nina kwaya, muulize mama yako.

Alisema "okej", akaichukua karatasi akaizungusha upande wa pili wa meza, penye kiti cha mama yake. Hakununa. Angenuna ingekuwa afadhali.

Jumamosi ilipofika, wao wakaelekea mjini, mimi nikaelekea Fittja. Nikakuta Mama Bahati ameshaleta projekta na kutundika shuka ukutani ili kwaya nzima imwone mtoto wao. Aliponiona akashangaa.

"Mwalimu, uko huku? Sasa mutoto ameenda na nani?"

Nikamwambia ameenda na mama yake. Akanitazama kidogo, akaendelea kuvuta waya.

Tamasha likaanza. Kila kamera ikipita kwa watoto ukumbi wetu unapiga kelele, yule pale, yule pale. Atu alikuwa safu ya kwanza, nywele mama yake amemsuka vizuri, gauni la njano. Wazazi waliwekwa juu kwenye roshani. Kiti cha mzazi wa Atu kilikuwa kule juu, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki Fittja, namtazama mwanangu kwenye shuka.

Wakapiga kipande kimoja kikubwa, ngoma, matarumbeta, kila kitu. Yule bwana alijituma, lazima nikiri. Kilipoisha akageukia watoto, na taa zikampiga usoni, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola.

Nilijua kabla haijatokea. Sijui nilijuaje.

Atu akasimama. Akapanda vile vingazi vitatu vya pembeni. Mkononi ana leso. Kwenye lile shuka ilionekana kubwa kama mfuko wa mto, na majani ya kijani ya mama yangu yakaonekana wazi, kila jani.

Kina mama wa kwaya walipiga vigelegele. Mimi nilishika kiti.

Kamera ilikuwa nyuma yake. Tuliona mkono wake unainuka na leso. Tukaona yule bwana anatabasamu, anaipokea, anaweka mkono kifuani kushukuru, kisha anaikunja vizuri na kuichomeka kwenye mfuko wa koti lake. Akampa Atu mkono. Ukumbi mzima kule mjini ukapiga makofi. Kamera ikahamia kwenye mafidla.

"Amemupa zawadi," akasema Mama Bahati, machozi yanamlenga. "Vraiment, kweli mwalimu, umelea."

Kila mtu alikuja kunipa mkono. Nilipokea hongera kumi na kitu kwa leso ya mama yangu iliyo kwenye kifua cha mwanaume mwingine.

Sitawapaka mafuta wakuu, ule haukuwa wivu mdogo. Nilimchukia mzee wa watu. Nilimchukia na koti lake. Na vibaya zaidi, nilimkasirikia mwanangu. Nilijisemea, kumbe leso ilikuwa inasubiri mtu wa maana apatikane.

Mazoezi yakaanza. Nikaongoza kwa hasira, jasho likatoka kuliko siku zote, na ubeti wa tatu ukafika. Mtu wa kunifuta hayupo, yuko kwenye treni anarudi Farsta.

Mama Bahati akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ile ni jasho ao ni machozi?"

Nikamwambia ni jasho.

Nyumbani nilimkuta mke wangu ana furaha, anataka tuongee. Atu alikuwa ameshaingia chumbani kwake. Nilisimama mlangoni. Akanitazama, akasubiri.

Nikasema, "Nimeona."

Hilo tu. Nikafunga mlango. Nikikumbuka lile neno moja natamani nijichape makofi.

Ikaanza minuno ya wiki mbili. Mimi ni mtu mzima, nina cheti cha umeme, na nilimnunia mtoto wa darasa la tatu. Zamani nilikuwa namenya chungwa namwachia nusu, nikaanza kumaliza lote. Akiniuliza hesabu namwambia amuulize mama. Kipindi kikianza natoka kwenda kutupa takataka, hata kama pipa ni tupu.

Mke wangu si mtu wa kuzunguka. Siku moja anaosha vyombo akaniuliza, "Baba Atu, una wivu na mzee wa kwenye TV?"

Nikamwambia wivu wa nini. Akacheka mpaka akashika sinki. Nikatoka tena na takataka.

Na Atu naye alikuwa kimya. Hakusema tena "yeye anasema". Hakumtaja kabisa. Mimi kwa akili yangu nikatafsiri kwamba amempenda mpaka hataki kutugawia habari zake. Mtu mwenye wivu anaweza kutafsiri chochote, nawaambia.

Jumamosi ya pili tangu tamasha lile nilifanya kitu cha aibu. Nilivaa sweta nzito ya sufu kwenye mazoezi, ukumbi una joto, ili nitoke jasho la kutosha na Atu alione. Nililoa mpaka mgongoni. Atu alikaa kiti chake cha mbele, mikono ameikalia, anaangalia viatu vyake.

Kesho yake, Jumapili, kulikuwa na ibada, kwaya ina nyimbo mbili. Wimbo wa pili ndio ule wa ubeti wa tatu.

Tukafika. Kwaya kwa mazoea ikashikilia ile noti. Na mimi, kwa mazoea, nikainama.

Wakuu, nilikuwa nimeinama mbele ya watu wote, uso chini, macho nimefumba, nasubiri. Hakuna aliyekuja. Noti inaendelea, watu wanaishiwa pumzi, sauti ya kwanza imeshaanza kutetemeka. Nikafumbua macho nikaona sakafu tu na viatu vyangu.

Mama Bahati ndiye aliyeniokoa. Alitoka kwenye mstari wake, akachukua ncha ya kilemba chake, akanifuta uso mara mbili, haraka haraka kama anafuta meza. Akarudi. Tukaendelea.

Na hapo ndipo Atu akaanza kulia. Si kulia kwa sauti, kule kwa kutikisika mabega. Akatoka mbio kwenye korido.

Nilimaliza wimbo, sijui niliumalizaje. Nikamfuata. Nilimkuta kwenye makoti ya watu yaliyotundikwa ukutani, amejificha katikati, inaonekana miguu tu.

Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza usiku ule mlangoni. Nilimuuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida. "Atu, kwa nini ulimpa leso ya bibi?"

Sauti ikatoka kwenye makoti. "Jag gav den inte. Han tog den."

Sikumpa. Aliichukua.

Nikakaa chini kwenye sakafu ya korido, na suruali ya ibada, kwenye matope ya viatu vya watu. Akaanza kutoa yote, nusu Kiswidi nusu Kiswahili, na kamasi. Alitaka kumfuta. Alimwona anatoka jasho na hakuna mtu wake anayeinuka, safu nzima, ukumbi mzima, na yeye leso anayo mfukoni kwa sababu huwa anatembea nayo. Akapanda. Akasimama mbele yake, akainua mkono, akasubiri.

"Han böjde sig inte, pappa," akasema. Kisha akanirudia kwa Kiswahili, pengine alidhani sijaelewa. "Nilisubiri. Hakuinama."

Hakuinama. Mzee mrefu kama mlingoti, mtoto amenyoosha mkono mpaka kwenye vifungo vya koti, na yeye akadhani ni zawadi. Angejuaje. Kwao hakuna anayemfuta. Akaichukua, akaichomeka mfukoni, makofi yakapigwa, na Atu akashindwa kusema nirudishie mbele ya TV.

Alirudi nyumbani usiku ule anaogopa. Leso ya bibi imepotea mikononi mwake. Akamsubiri baba aje amuulize, na baba akaja, akasema "nimeona", akafunga mlango. Wiki mbili alikuwa anadhani namchukia kwa ajili ya leso.

Nilimwambia ukweli. Nilimwambia sikununa kwa sababu ya leso, nilinuna kwa sababu nilimwonea wivu yule bwana, tangu siku ya sakafu kupotea. Nikamwambia na ile ya kushusha sauti nilimwibia. Akasema anajua.

Nikamwomba msamaha. Halafu nikainama, pale pale kati ya makoti. Leso hatuna, akanifuta kwa mkono wa gauni.

Tumeandika barua pepe kule kwenye ukumbi wa muziki. Atu ndiye aliyeandika, kwa Kiswidi chake kizuri, akaeleza leso ilikuwa ni ya kazi gani na kwamba aliyeidarizi hayupo tena. Mpaka naandika uzi huu hatujajibiwa. Siku hizi Atu anatumia taulo dogo la jikoni lenye mistari. Lina harufu ya vitunguu na mimi silalamiki.

Jumamosi iliyopita, kabla ya kwenda Fittja, tuliangalia tamasha pamoja kwenye kochi. Nilimenya chungwa, nusu kwa nusu. Yule bwana akatokea, na wote wawili tukauangalia mfuko wa koti lake kwanza. Ulikuwa mtupu.

Wakapiga kipande kirefu. Kilipoisha akageuka, uso umelowa, jasho linamwingia machoni. Akajifuta kwa kiganja, akakipangusa kwenye suruali.

Atu akasema, "Ona, baba. Hana mtu."

Sitawaficha wakuu. Nilimhurumia, lakini kabla sijamhurumia, nilifurahi kwanza.

Nilichojifunza ni hiki. Mimi niliona kitu kwenye shuka ukutani, kikakuzwa mara kumi, nikaamini nimekiona. Mwenye jibu alikuwa chumba cha pili, hatua sita kutoka mlangoni kwangu, ananisubiri nimuulize. Mwenye mtoto amuulize kwanza, anune baadaye kama bado kuna haja.

Haya, uwanja ni wenu. Kama kuna mwenzangu humu amewahi kumwonea wivu mtu ambaye hata hajui kama yeye yupo duniani, ajitokeze, tusiaibike wachache. Na kama kuna anayejua namna ya kutoa doa la kitunguu kwenye taulo, Atu anauliza.